Dawa ya kukojoza, tansio na kolera

Kati ya dawa za tansio, yaani shinikizo la damu, kuna zile zinazoitwa dawa za kukojoza. Zile za kundi la tiazidi zinatumika tangu 1958, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizitaja kati ya dawa za kuanzia matibabu.

Zinafanya figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo, na msukumo wa damu unashuka. Hunywewa asubuhi, ili mgonjwa asiamke-amke usiku. Tansio ikishuka, dawa haiachwi, maana itapanda tena, mara nyingi bila dalili. Ndagala za chumvi nyingi nazo zinapunguza nguvu ya dawa.

Uvira, mji uliozoea kolera, kuna jambo moja la kuongeza. Kuhara na kutapika vinaondoa maji mwilini, huku dawa nayo inaendelea kuyatoa. Mgonjwa anaweza kuzimia, hata figo zikaumia. Aanze kunywa maji ya SRO, akimbilie kituo cha afya, na amwambie muuguzi mapema: «Ninakunywa dawa ya tansio, ile ya kukojoza.» Muuguzi ndiye ataamua kama isimamishwe kwanza, na irudiwe lini.