Kofia ya Bwana DC

Angalia picha za maofisa wa Kiingereza waliotawala Tanganyika miaka ya 1920, wamekaa mbele ya boma wakiwa na soksi ndefu na sura za kuchoka. Kitu cha kwanza utakachokiona ni kofia: ngumu, nyeupe au ya kaki, ukingo wake umeshuka hadi kisogoni. Ilitoka India, ambako ilitengenezwa kwa moyo wa mmea wa majini uitwao sola, mwepesi kuliko ubao wowote. Wengine walivaa pia kipande cha kitambaa kinene mgongoni, juu ya uti wa mgongo. Madaktari wao waliwaambia kwamba jua la tropiki hupenya fuvu na kuvuruga mishipa ya fahamu, kwa hiyo Mzungu aliyetoka saa saba mchana kichwa wazi alionekana anajitafutia kifo.

Hofu hiyo ilizaa sayansi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Louis Sambon, mhadhiri wa shule ya tiba za tropiki London, alibuni kitambaa kilichoitwa Solaro, chenye nyuzi za kaki upande wa nje na nyekundu upande wa ndani. Alichotaka ni nguo ya Mzungu iige kazi ya ngozi nyeusi. Hapo huwa nacheka kidogo. Dola lile lile lililoidharau ngozi hiyo lilikuwa linajaribu kuifuma kiwandani.

Huko Manila, jeshi la Marekani liliwavalisha mamia ya askari chupi na fulana za rangi ya machungwa, likawalinganisha na wenzao waliovaa nyeupe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1910: hapakuwa na faida yoyote. Bado kofia ya sola iliendelea kuuzwa hadi Vita vya Pili vya Dunia, pale maelfu ya vijana walipopigana jangwani vifua wazi bila akili kuwaruka.

Bwana DC, basi, alijikinga kwa bidii dhidi ya ugonjwa ambao haukuwapo. Lakini katika vijiji hivyo hivyo alivyopita kukusanya kodi walikuwapo watu ambao jua lilikuwa linawaua kweli. Mtoto mwenye ualbino, anayechunga mbuzi tangu asubuhi, hana melanini ya kutosha kuzuia miale ya urujuanimno. Kofia iliyovuka bahari kwa ajili ya ofisa ingemfaa yeye zaidi.

Takwimu zao zilichelewa sana. Mwaka 1985, J. Luande na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wenye ualbino wa Dar es Salaam. Ngozi ilianza kuharibika katika mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani zilizokomaa ziliwakuta wengi wakiwa na miaka thelathini na kitu. Wagonjwa wa saratani nchini walitibiwa Ocean Road, hospitali ambayo Wajerumani waliijenga ufukweni mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya wagonjwa wa Kizungu. Nimeshindwa kuupita mlango ule bila kuwaza jambo hilo.

Krimu ya jua, kwa upande wake, ilizaliwa na hamu ya kuvua nguo. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Eugène Schueller, L'Oréal, ilitoa Ambre Solaire, wakati Wafaransa wanapata likizo ya kulipwa na kukimbilia ufukweni. Mafuta hayo yalikusudiwa kumsaidia mtu abadilike rangi bila kuungua. Mwaka 1974 Franz Greiter, mkemia wa Austria, aliipa umaarufu namba ya SPF tunayoiona leo kwenye chupa.

Waaustralia ndio waliorudisha shati. Kampeni yao ya mwaka 1981 iliwaambia watu wavae shati, wapake krimu, wavae kofia. Shati lilitajwa kwanza. Mwaka 1996 walitoa pamoja na New Zealand kiwango cha kupima kitambaa kwa namba ya UPF. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba nguo hazilingani: fulana nyepesi ya pamba nyeupe inaweza kupata 5 hadi 7 tu, na ikilowa inashuka zaidi, ilhali jinzi nzito inapita 50. Inua nguo ya mtumba dhidi ya dirisha. Ukiona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linakuona.

Krimu inafanya kazi, nisieleweke vibaya. Majaribio ya Nambour, Australia, yaliyoanza mwaka 1992, yalionyesha kwamba waliopaka kila siku walipata pungufu ya takriban asilimia 40 ya aina moja ya saratani ya ngozi, ile ile inayowaandama watu wenye ualbino. Ila namba ya chupa hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini yake. Mtu mzima akitaka kujipaka mwili mzima sawasawa anahitaji kama mililita 30. Chupa ya mililita 120 ni mara nne, na inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili. Shati la mikono mirefu, suruali na pama hubakiza uso, masikio, shingo na viganja. Hapo chupa inapumua.

Moshi, katika hospitali ya KCMC, wanatengeneza Kilisun, krimu iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na inayogawiwa bure kliniki. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini krimu huisha, na gari la kliniki halipiti kila wiki. Shati lipo asubuhi ya kesho.

Lipo, kama litaruhusiwa. Katika shule ya msingi niliyosoma, mwenzetu mwenye ualbino aliamriwa kuvua kofia mstarini kwa kuwa haikuwa sehemu ya sare. Sare yenyewe ilikuwa kaptula na shati la mikono mifupi. Tuliimba wimbo wa taifa, tukasikiliza matangazo, tukakaguliwa kucha. Alifunika masikio kwa viganja muda wote, na mwalimu wa zamu akamwambia ashushe mikono.