Misemo ya Kiingereza inayokosewa tahajia

Misemo ya Kiingereza inayokosewa tahajia ni mafungu ya maneno ambamo neno moja, aghalabu la kale, huandikwa kama jingine linalofanana nalo kwa sauti. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo makosa haya si rahisi kuota kwetu. Kiingereza kimeshikilia tahajia za zamani huku matamshi yakibadilika. Mwaka 2003 mwanaisimu Geoffrey Pullum alipendekeza makosa ya aina hii yaitwe “eggcorn”, kutokana na mtu aliyeandika hivyo akikusudia “acorn”, tunda la mwaloni.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni “free rein”, uhuru wa kujiamulia. “Rein” ni hatamu: mpandaji akiilegeza, farasi hujichagulia njia. Wengi huandika “free reign”, ilhali “reign” ni utawala, kutoka Kilatini “regnum”. Chanzo cha mkanganyiko huo kinaeleweka, kwani hata sisi husema kushika hatamu kwa maana ya kutawala, na Tanzania ya chama kimoja ilijua vyema kaulimbiu ya Chama kushika hatamu. Ila picha zimepishana. Katika msemo wetu mtu ndiye mpandaji. Katika ule wa Kiingereza ndiye farasi, hakushika hatamu bali amelegezewa.

Katika “with bated breath”, “bated” ni kifupisho cha “abated”, kupunguzwa: ni pumzi iliyobanwa kwa hofu au shauku. “Baited”, ambalo wengi huliandika kimakosa, ni kutiwa chambo. Msemo huo umo katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kuwa Mabepari wa Venisi, 1969.

Kosa linalosikitisha zaidi ni kuandika “one foul swoop” badala ya “one fell swoop”, kwa sababu linaua picha nzima. Katika Macbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mhusika Macduff anapoambiwa mkewe na watoto wameuawa, anamfananisha muuaji na mwewe aliyenyakua kuku na vifaranga vyake kwa mpigo mmoja. “Fell” hapo ni katili, ndugu wa “felon”, mhalifu; halihusiani na kuanguka.

“Just deserts”, malipo anayostahili mtu, si jangwa wala kitindamlo. “Desert” hili limetokana na Kifaransa cha kale “deservir”, kustahili. “Dessert”, yaani kitindamlo, ambalo huandikwa kimakosa badala yake, limetokana na “desservir”, kuondoa vyombo mezani. Yote mawili yamejengwa juu ya “servir”, kuhudumia.