Ukoma na utengaji wa wagonjwa

Ukoma ni ugonjwa wa kuambukiza unaoshambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Chanzo chake ni bakteria aitwaye Mycobacterium leprae, aliyegunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen mjini Bergen, Norwei, mwaka 1873. Bakteria huyu huzaliana polepole mno: tangu aingie mwilini hadi dalili zionekane hupita kwa wastani miaka 5, pengine hata 20. Watu walio wengi wana kinga ya asili, hawaugui hata wakiishi na mgonjwa. Wala vidole havidondoki vyenyewe kama wengi wanavyodhani. Mgonjwa aliyekufa ganzi huungua au kujikata bila kuhisi, na vidonda visivyotunzwa ndivyo vinavyomlemaza. Ukiyapima haya, utaona kwamba sheria za kuwatenga wagonjwa zilikuwa kali kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugunduzi wa Hansen ungeweza kuwaondolea wagonjwa shutuma za laana na za damu mbaya ya ukoo. Badala yake uliwapa watawala hoja mpya. Mkutano wa kimataifa kuhusu ukoma uliofanyika Berlin mwaka 1897 uliunga mkono utengaji, ambao tayari ulikuwa umeanza kwingine: Hawaii ilipitisha sheria yake mwaka 1865, na katika miaka iliyofuata watu wapatao 8,000 walipelekwa Kalaupapa, kwenye kisiwa cha Molokai, wengi wao wasirudi tena makwao. Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, kiliwahifadhi wagonjwa wa ukoma tangu 1846 hadi 1931, miongo kadhaa kabla ya Nelson Mandela kufungwa humo.

Watetezi wa utengaji hupenda kuitaja Norwei, ambako ukoma ulitoweka. Hoja hiyo haina nguvu inayodhaniwa. Daftari la taifa la wagonjwa, lililoanzishwa mwaka 1856, linaonyesha kuwa idadi ilikwisha kuanza kushuka kabla ya sheria za utengaji za 1877 na 1885, wakati hali ya maisha ikiboreka. Tena sheria hizo zilikuwa pole kuliko za Hawaii, kwani mgonjwa aliyeweza kuwa na chumba chake na kitanda chake aliruhusiwa kukaa nyumbani. Wengine husema kwamba wakati huo dawa hazikuwepo, watawala wangefanya nini? Swali hilo ni la haki kwa mwaka 1897, lakini haliielezi Japani. Tiba ya promini ilianza kutumika Carville, Marekani, mwaka 1941, ikafuatwa na dapsoni. Hata hivyo Japani ilitunga upya sheria yake ya utengaji mwaka 1953 na kuifuta mwaka 1996 tu. Kilichobaki hapo ni woga uliovaa joho la sheria. Na woga huo una gharama ya kitabibu: ajuaye kwamba atang'olewa kwa watoto wake huficha baka la ukoma kwenye ngozi yake, akaendelea kuambukiza na kulemaa.

Dawa mseto ya rifampisini, dapsoni na klofazimini, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, ilifanya kile ambacho kuta hazikuweza. Huponya kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuianza. Mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya takriban 183,000, zaidi ya nusu yao India, wakifuatiwa na wa Brazili na Indonesia. Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Komoro zimo katika orodha ya shirika hilo ya nchi zinazopewa kipaumbele. Yordani ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa, mwaka 2024, kuwa imeutokomeza. Zaidi ya 9,000 kati ya wagonjwa wapya wa 2023 walikuwa tayari na ulemavu unaoonekana, ishara kwamba walifika hospitali wamechelewa. Mwenye baka lisilohisi mguso, hata kama haliwashi wala haliumi, aende kituo cha afya bila kungoja; dawa hutolewa bure.