Siafu wa Darwin na fimbo ya baba mkubwa

Siafu walipoingia nyumbani kwetu Kigera usiku, bibi alitutoa wote nje tukawaachia nyumba. Baba mkubwa aliwamulika kwa tochi, akanionyesha wenye vichwa vikubwa waliosimama kando ya msafara, taya wazi. "Hao wamezaliwa askari," alisema. "Kama mimi nilivyozaliwa mchungaji."

Miaka mingi baadaye, chuoni, nikakutana na siafu katika kitabu cha Darwin cha 1859. Frederick Smith wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alimpatia siafu wa kiota kimoja kutoka Afrika Magharibi. Tofauti ya miili yao, Darwin aliandika, ni kama mafundi wa nyumba moja ambao baadhi yao ni warefu mara tatu ya wenzao. Na hawazai. Sasa hayo mataya wanamrithisha nani? Alikiri kwamba mwanzoni swali hilo lilionekana kuiua nadharia yake. Akajibu kwamba uteuzi wa asili hupitia kwa wazazi wao, yaani kwa familia nzima. Neno jeni lenyewe lilikuja 1909.

Lakini jeni nazo hazimalizi hadithi. Kwa sisimizi wengi, askari na kibarua wangeweza kutoka katika yai lilelile. Kinachowatenganisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Mwaka 2016 watafiti Marekani walichoma sindano ubongoni mwa askari wachanga wa Camponotus floridanus, dawa inayobadili alama za kemikali kwenye protini zilizoviringiwa na DNA. Askari wale, ambao kwa kawaida hawahangaiki na chakula, wakatoka kukitafuta. Mwaka 2020 ikaonekana kuwa dirisha ni dogo: siku ya tano sindano inafanya kazi, siku ya kumi haifanyi.

Nikafunga kompyuta. Novemba 1974 TANU ilikutana hapa hapa Musoma, ikaazimia kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Baba yangu alikuwa na miaka saba, akaandikishwa. Kaka yake, mama mmoja baba mmoja, alikuwa na kumi na sita, yuko malishoni. (Binadamu si sisimizi, najua. Msimamizi wangu angeufuta ulinganisho huu kwa kalamu nyekundu.)

Likizo iliyopita nilimsimulia baba mkubwa habari ya sindano. Alisikiliza mpaka mwisho, fimbo mapajani.

"Ulisema siku ya ngapi, mwanangu?"

"Ya kumi, baba. Ya kumi imeshachelewa."

Akaiokota kofia yake, akaenda kufungulia ng'ombe.