Aliyebaki hai hakuhesabiwa

Katikati ya miaka ya 1990, Mbulu na Hanang zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na wenzao wa Tanzania waliwauliza watu habari za dada zao, majumbani na kliniki za wajawazito. Una dada wangapi wa tumbo moja waliofikia umri wa kuzaa? Wangapi wako hai? Wangapi wamefariki? Na kati ya hao, wangapi walifariki wakiwa wajawazito, wakijifungua, au kabla wiki sita hazijaisha? Njia hiyo Wendy Graham na wenzake walikuwa wameijaribu Gambia miaka ya 1980, kwa ajili ya nchi ambazo vifo vingi haviandikwi popote.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, Dkt. Bjørg Evjen Olsen akiwa mwandishi wa kwanza: vifo 362 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa hesabu ya kaya, na 444 kwa hesabu ya kliniki. Kazi ya maana, wala simlaumu mtu. Ila dada aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili mfululizo, akapona, kisha kizazi kikaanza kushuka au mkojo kumtoka kila akikohoa, yeye aliandikwa miongoni mwa walio hai, yakaishia hapo.

Jeraha la namna hiyo lilianza kupigwa picha mbali na Mlima Hanang. Mwaka 1991 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, akiwemo Elias Zerhouni, mzaliwa wa Nedroma, Algeria, walionyesha kwamba MRI ya kasi inaweza kufuata viungo vya nyonga vikisogea. Mwanamke hulala ndani ya mashine, akaambiwa apumzike, kisha abane, kisha asukume kama yuko chooni. Picha hufuatana. Daktari huchora mstari kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu, akapima kibofu, kizazi na utumbo mkubwa vimeshuka kiasi gani chini yake. Hakuna mionzi; ni sumaku na mawimbi ya redio. Aibu, hata hivyo, ipo palepale.

Mwaka 2003 John DeLancey na wenzake wa Michigan wakatoa picha za MRI zilizonyamazisha mabishano mengi. Kati ya wanawake 80 ambao hawajazaa, hakuna aliyekutwa na kasoro kwenye msuli unaobeba viungo vya nyonga. Kati ya 160 waliozaa mara moja kwa njia ya kawaida, nusu yao wakisumbuliwa na kuvuja mkojo, 32 walikuwa nayo. Kumbe mama aliyekuwa akiambiwa "ndiyo uzazi huo, utazoea" huenda alikuwa na msuli uliochanika.

Mashine hiyo nayo ina upungufu, na kwa mama wa Dongobesh kule Mbulu au Katesh kule Hanang si mdogo. Humpima akiwa amelala chali, ilhali kizazi humsumbua jioni, akiwa amesimama, baada ya kupanda mlima na ndoo ya lita 20 kichwani. Tena MRI hufaa zaidi pale daktari anapotaka kujua, kabla ya upasuaji, ni viungo vipi vimeshuka pamoja. Kujua tu kama kizazi kimeshuka kunahitaji kitanda, pazia, mkono uliofundishwa na kijiti chenye alama za sentimita. Utaratibu wa vipimo hivyo ulikubaliwa kimataifa mwaka 1996.

Ndivyo walivyofanya Gileard Masenga na wenzake mkoani Kilimanjaro, katika wilaya za Hai, Rombo na Same. Waliwapima wanawake zaidi ya 1,000 vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2018: karibu 65 kati ya kila 100 walikutwa na kushuka kwa viungo vya nyonga, wengi kwa kiwango kidogo, na karibu 7 kwa kiwango kinachotoka nje. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ni kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi.