Wakili wa uhamiaji na kampuni zinazoajiri wageni

WAKILI wa uhamiaji wa kibiashara ni mwanasheria anayezishauri kampuni kuhusu namna ya kuajiri wafanyakazi kutoka nchi za nje bila kukiuka sheria. Nchini Kenya, kazi yake huongozwa hasa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011.

Jukumu lake la kwanza ni kubaini kibali kinachofaa. Daraja D ni la mgeni aliyepewa kazi mahususi na mwajiri mahususi, naye awe na ujuzi usiopatikana humu nchini. Daraja G ni la mfanyabiashara, ambaye hutakiwa kuthibitisha mtaji wa angalau dola 100,000 za Marekani. Kazi ya muda mfupi huombewa pasi maalumu. Tangu Januari 2024, wageni wengi huingia kwa idhini ya usafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza, lakini idhini hiyo haimruhusu mtu kuajiriwa.

Pili, wakili huandaa ombi lenyewe. Katika daraja D, kampuni hueleza kwa nini inamhitaji mgeni, na humtaja Mkenya atakayejifunza kazi hiyo ili hatimaye airithi. Ombi likikataliwa, sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala humwezesha wakili kudai sababu kwa maandishi.

Tatu, kibali kikishatolewa, wakili huhakikisha masharti yanafuatwa. Kibali cha daraja D hufungamana na kazi na mwajiri aliyetajwa. Mfanyakazi akiacha kazi hiyo, kibali hukoma na ukaaji wake huwa kinyume cha sheria. Anayefanya kazi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Hapo ndipo maslahi hutengana. Kwa kawaida wakili hulipwa na kampuni, ilhali jina lililo kwenye kibali ni la mfanyakazi. Wawili hao wakikosana, kampuni huenda ikataka kukatiza ajira mara moja, naye mfanyakazi anahitaji muda wa kupanga upya maisha ya familia yake, ambayo huishi nchini kwa pasi inayotegemea kibali hicho. Wakili mmoja hawezi kuzitetea pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo, wakili makini hueleza mapema, tena kwa maandishi, mteja wake ni nani, na humshauri mfanyakazi kutafuta wakili wake mwenyewe mambo yakiharibika. Mfanyakazi asiyejua hilo anaweza kumfungulia moyo mtu anayelinda maslahi ya mwajiri.

Aidha, kampuni inashauriwa kuthibitisha kuwa wakili ana leseni ya mwaka huo kabla ya kumkabidhi stakabadhi. Wakala anayeahidi kibali cha haraka akileta cheti bandia, mzigo humwangukia mwajiri na mfanyakazi wake.