Holaria hakunyamaza

Tukitafuta hadithi za mabinti wanaojitetea, tunakimbilia vitabu vya mbali. Kumbe Kagera ipo yetu. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, akamshtaki: mila ya Kihaya, iliyoandikwa na serikali mwaka 1963, ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa Ephrahim ushindi. Holaria akakata rufaa, akashinda. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akauthibitisha ushindi huo kwa haki za msingi zilizomo katika Katiba.

Binti wa Ngara au Biharamulo anayeambiwa “wewe wa kuolewa tu, shamba la nini?” ana jibu: mwenzako alishauliza, akajibiwa.